Jicho la Pili

Tulimuaga Akinyi asubuhi, kanisani kwao Kawangware, kabla gari halijambeba kwenda kumzika kwao Siaya. Nilikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, maana mimi popote ninapoingia hutafuta kwanza pa kutokea. Ni mwoga, sifichi. Naogopa mbwa, naogopa askari, naogopa ngazi za ghorofa zisizo na chuma cha kushika, na nimezeeka na woga wangu kama wengine wanavyozeeka na waume zao. Mbele yangu walikaa akina mama wawili wa kwaya, na mtu wa kwaya hajui kunong'ona. "Alikuwa mama mzuri," mmoja alisema, "lakini siku ya kuosha miguu haingii." "Miaka yote hiyo?" "Miaka yote. Anakaa nje kwa benchi mpaka tumalize. Kuna kitu alikuwa ameficha, huyo." Watu wa Sabato, kabla ya kushiriki meza ya Bwana, huoshana miguu wawili wawili kwa beseni na taulo, na mwenye dhambi ambayo hajaitengeneza hujiweka kando mwenyewe. Binti wa Akinyi, Achieng', alikuwa amekaa mbele kidogo tu ya hao mama. Niliiona shingo yake ikikakamaa. Alikuwa amekua akimwona mama yake kwenye benchi lile la nje, na hakuwahi kuambiwa kwa nini. Mimi peke yangu nilijua, na nilikuwa nimenyamaza kwa sababu ile ile inayonifanya nikae karibu na mlango.

Mwaka siri hiyo ilipozaliwa nilikuwa mpangaji Sarang'ombe, Kibera, na kazi yangu ilikuwa Kabiro, Kawangware, kwa ploti ya kina Njoroge. Njoroge alikuwa mtu wa pale pale. Baba yake alimwachia ardhi na vyumba vya kupangisha, na mama yake, ambaye sote tulimwita Shosho, alikaa chumba cha getini na hakuna nzi aliyepita bila yeye kujua. Ploti yenyewe ilikuwa kama ploti zote za huko: vyumba vimezunguka ua, mlango kwa mlango, geti moja, bomba moja katikati, kamba za nguo zimekatiza juu mpaka mtu mrefu anatembea akiwa ameinama. Juu ya vyumba vya nyuma Njoroge alikuwa amejenga chumba cha mabati na kuweka kompyuta. Saa sita jua likishika tulikuwa tunaiva humo ndani, mvua ikinyesha tulikuwa tunaongea kwa ishara. Chini yetu wanawake walifua na kugombania bomba, harufu ya omena ikapanda na moshi wa jiko, na mchana Akinyi, mwenzangu wa kazi, alishuka kutuletea githeri ya Shosho kwenye sufuria moja, vijiko viwili. Nimekula kwenye hoteli tangu hapo, na kitambaa cha mezani nimewekewa, lakini sijawahi kula nikashiba vile.

Kazi ilikuwa hii. Zamani sana, kabla hata babu za babu zetu hawajazaliwa, watawa wa Kibudha walitoka Uchina kwa miguu wakaenda kutafuta vitabu vya dini yao, na njiani waliandika kila kitu: mto waliovuka, siku walizotembea, nyumba za watawa walizolala. Nyumba hizo zimefukiwa na udongo. Njoroge alipata mteja, mtu wa ng'ambo tuliyemjua kwa jina la Daktari tu, ambaye alituma maandishi ya wale watawa yakiwa yametafsiriwa kwa Kiingereza, pamoja na picha za setilaiti za mabonde fulani ya milimani huko Asia. Sisi tulisoma safari, tukapima njia kwenye picha, tukatafuta kuta. Na kulikuwa na sheria moja ambayo Daktari hakuilegeza hata siku moja: jicho la kwanza linaweka alama, jicho la pili linaangalia lenyewe, bila kuambiwa chochote. Macho mawili yakikubaliana, mahali pale panaingia kwenye kazi. Jicho la pili likisema halioni kitu, alama inakufa. Mimi nilikuwa jicho la kwanza, Akinyi jicho la pili. Shosho hakupenda. "Nasikia mnatafutia watu miungu huko juu," alimwambia Akinyi getini. "Tunatafuta nyumba tu, Shosho. Wenyewe walishahama."

Mwanzoni hatukuona kitu. Niliweka alama kwenye mawe ya kawaida, kwenye tanuri la matofali, kwenye uwanja wa mpira. Halafu asubuhi moja Akinyi alisimama dirishani na kikombe cha chai, akaangalia ua chini, akaangalia skrini yangu, akaangalia tena chini. "Nafula, wewe. Hii ni ploti." "Ploti gani?" "Hebu angalia! Vyumba vidogo vidogo vimezunguka, vyote mlango unaangalia ndani. Geti moja. Katikati maji. Hawa watawa walikuwa wapangaji, walahi!" Mtu wa Sabato na anaapa, nilimcheka mpaka chai ikanipalia. Lakini ilikuwa kweli, nyumba za watawa zilijengwa hivyo hivyo, na tangu siku hiyo sisi wawili tuliziona hata zikiwa zimebaki mistari tu kwenye majani. Njoroge alimpigia Daktari simu akicheka kwa furaha. Sijui kama nimewahi kuwa na raha ya kazi kama ile, ya kukaa Kawangware na kumfuata mtu aliyekufa zamani akivuka mto.

Ni lazima niseme kitu kuhusu Akinyi, kwa sababu kila kitu kinashikilia hapo. Hakuwa anadanganya. Sisemi hakupenda kudanganya, nasema hakuweza, kama mtu mwingine asivyoweza kupiga mluzi. Siku moja simu ya ofisi ililia, Njoroge akapunga mikono akanong'ona, "Mwambie sipo, mwambie nimetoka!" Akinyi akashika simu akasema kwa heshima zote, "Yuko, lakini anasema nikuambie hayuko." Tulisikia mtu upande wa pili akicheka muda mrefu. Njoroge alikasirika wiki nzima. "Akinyi, hiyo si uongo, hiyo ni biashara!" "Kwako," alimjibu, "mimi nina Mungu." Aliyekuwa amepiga alikuwa mtu wa Daktari hapa Nairobi. Hatukuwa tumemwona bado.

Woga wangu ulianzia nyumbani. Katikati ya mwaka walikuja vijana na rangi nyekundu Sarang'ombe, wakapita mlango kwa mlango wakiandika X. Hakuna aliyegonga. Niliwauliza, "Kwani kuna nini?" na mmoja akanijibu bila kugeuka, "Barabara, mathe. Ramani ndio inasema." Nililala chini ya ile X, nikapika chini yake, nikaifuta na mafuta ya taa ikakataa kutoka. Halafu siku moja nikatoka kazini nikakuta tingatinga limeshapita. Kitanda changu kilikuwa kimekunjwa kama karatasi, na jirani yangu alikuwa ameketi juu ya mlango wake mwenyewe akinyonyesha mtoto. Sikulia. Niliketi pembeni yake. Akinyi alikuja akanichukua, akanipa nusu ya chumba chake pale pale kwenye ploti ya kina Njoroge, pazia katikati, yeye na Achieng' mdogo upande mmoja, mimi upande wa pili. Asubuhi alikuwa ananipa uji kabla ya mtoto wake. Na mimi nikipanda juu kazini, kila nilipobonyeza kuweka alama, mkono ulisita. Nilikuwa najua sasa alama ni nini kwa mtu aliye chini yake.

Akinyi ndiye aliyeona jambo la pili la kutia woga. Kwa kila mahali tulipopata, Daktari alitaka tuandike pia njia ya karibu inayopitika na gari. "Mtu wa historia anataka njia ya gari ya nini?" Akinyi aliuliza tukila. Nikasema labda anataka kwenda kuona. "Kila moja? Na gari kubwa ama ndogo, pia anataka kujua?" Nikamwambia ale chakula chake. Sikutaka kufikiria. Mwoga ana kipaji hicho, anaweza kufunga mlango wa kichwa chake na kukalia ufunguo.

Ile nyumba ya mwisho ilinichukua majuma. Mtawa alikuwa ameandika kwamba ukitoka mjini unafuata mto mkono wa kushoto mpaka unapogawanyika, unapanda, unapita mwamba uliosimama peke yake, na nyuma yake utakuta nyumba ya watawa yenye chemchemi ndani ya ua. Nilifuata mto nikafika kwenye maporomoko, hakuna kitu. Nikafuata tena. Halafu nikakumbuka mto wetu wa Kibera unavyohama mafuriko yakija, ukaacha mkondo wake wa zamani ukiwa na majani mabichi zaidi ya pengine. Nikatafuta ule ukijani. Nikaupata, nikaufuata, nikaona mwamba na kivuli chake, na nyuma ya mwamba, wazi kabisa, ploti. Kuta zilikuwa bado zimesimama mpaka kiunoni, vyumba pande zote, geti moja. Nilipiga kelele mpaka Shosho akauliza kutoka chini kama kuna moto. Niliweka alama, nikaandika mkondo huo wa zamani unaweza kupitisha pikapu, nikatuma. Ndipo nikasogeza picha karibu, kwa raha tu, na nikaona kona moja ya ua ina turubai la buluu. Pembeni yake vinukta vyeupe vya mbuzi. Na kamba, yenye nguo. Kuna familia ilikuwa inakaa mle.

Kesho yake asubuhi picha mpya ziliingia za mabonde tuliyoyafanyia kazi mwanzo. Akinyi alizifungua kwanza, akaniita kwa sauti ambayo sikuijua. Kila nyumba tuliyoipata ilikuwa imejaa mashimo. Moja baada ya nyingine. Katikati ya vyumba, kwenye ukuta, pale penye mnara wao wa ibada, mashimo meusi, na karibu na kila moja njia ya matairi, ile ile tuliyoiandika sisi. Pale kwenye moja palikuwa na vibanda viwili vya wachungaji kwenye picha ya kwanza. Kwenye hii mpya havikuwepo. "Labda ni wataalamu wanachimba," Njoroge alisema. "Mtaalamu anachimba kama panya?" Akinyi alimuuliza. Njoroge akakaa chini. Hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo mpaka leo. Alikuwa kijana aliyefurahia kupata kazi. Nikamwambia aifute alama yangu ya jana. Akajaribu, mfumo ukakataa. Alama ya jicho la kwanza ikishatumwa haiondoki. Inangoja jicho la pili.

Akinyi hakusema anaona, hakusema haoni. Aliiacha ingoje. Siku zilikwenda, simu zikaanza. Kupitia ukuta wa mabati tulimsikia Njoroge ngazini akipunguza sauti: "Ndio, sir. Ni mama mmoja tu, anachelewa. Hapana, sir, hakuna mwingine ameiona." Akirudi ndani alikuwa anatoa jasho puani. Mimi sikuwa nalala vizuri, nilishtuka paka akiruka mabati. Nilimwambia Akinyi tukimbie, twende kwetu Bungoma, tukalime. "Na wale wa turubai nao wakimbilie wapi?" aliniuliza, akiendelea kumsuka Achieng' nywele. "Si useme huoni basi! Sema huoni, iishe!" Aliacha kusuka. "Nafula, mimi naona." Nilimkasirikia sana. Nilitaka kumpiga, kusema kweli.

Yule mtu wa Daktari alikuja mchana, wakati wa mvua. Kawangware yote ilikuwa tope, watu wamevaa gambuti, na viatu vyake havikuwa na hata tone. Hilo ndilo lililoniogopesha kabla hajafungua mdomo. Shosho alimpisha getini bila neno, yeye ambaye hupimana maneno hata na mchungaji. Alipanda, akakaa, akakubali chai na mandazi, akasema Kiswahili kizuri cha polepole. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye Nafula. Pole sana kwa nyumba yako ya Sarang'ombe." Hakuna mtu aliyemwambia. Akatoa simu akatuonyesha picha: kichwa cha sanamu ya jiwe, kidogo, macho yamefumbwa, kinatabasamu, kimelazwa juu ya taulo la bafuni. "Huyu alitoka kwenye ile yenu ya kwanza," alisema. "Mnafanya kazi safi." Njoroge aliangalia sakafu. Mtu yule akafuta vidole kwa leso, akasogeza kiti mbele ya skrini, na turubai la buluu likawa pale mbele yetu sote. "Sasa, mama. Sisi tunaamini iko hapo. Niambie wewe unaona nini."

Akinyi aliangalia. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na mimi nilikuwa namwomba Mungu wake na wangu na hata yule wa wale watawa. Nilijua anachokiona, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kukiona. "Sioni kitu," alisema. "Hizi kuta?" "Boma la mbuzi. Wachungaji wamepanga mawe." "Na maji haya?" "Mbuzi lazima wanywe." Yule mtu alimtazama usoni muda mrefu, na Akinyi hakupepesa. Ghafla yule mtu akacheka. "Ngoja. Si wewe ndiye uliniambia Njoroge yuko lakini anasema hayuko?" "Ni mimi." "Ndiye," Njoroge akadakia, sauti imempasuka, "huyu hata kwa bunduki hasemi uongo." Mtu yule akatikisa kichwa akicheka bado, akabonyeza mwenyewe, alama yangu ikazimika. Alimaliza mandazi yake. Alishuka ngazi taratibu, akamwambia Shosho asante, akaenda.

Nilimkuta Akinyi bombani, mvuani, ananawa mikono na kuinawa tena. Nilimkumbatia nikiwa nacheka na kulia. "Umewaokoa!" Hakunikumbatia. "Nimesema uongo, Nafula. Nimeangalia, nimeona, nikasema sioni." "Lakini mbuzi walikuwepo kweli..." "Usinitafutie mlango wa nyuma," alisema. "Na nikiulizwa tena kesho nitasema vile vile. Sasa nitatubu nini?" Hilo ndilo lililomweka kwenye benchi la nje. Hakuweza kujuta, na hakuweza kwenda kuoshwa miguu akijifanya amejuta. Njoroge aliuza kompyuta kabla mwaka haujaisha akaanza kufuga kuku. Mimi nilihamia Riruta. Sote watatu tulikubaliana kimya kutolitaja jambo lile, bila hata kusema tunakubaliana, na hata leo jina la bonde lile sijaliandika hapa wala sitaliandika.

Ibada ilipoisha watu walitoka kungoja jeneza, na Achieng' alikwenda kukaa peke yake kwenye lile benchi la nje. Nilikuwa na njia wazi mpaka barabarani. Niliiangalia, nakiri, kisha nikaenda kukaa naye. "Aunty Nafula," aliniambia bila kuniangalia, "mama alimkosea nani? Niambie tu. Ni bora nijue." Wale mama wa kwaya walikuwa wamesimama hatua chache, masikio yamesimama, na mimi sikunong'ona. Nilimsimulia yote, mtu wa viatu safi, kichwa juu ya taulo, boma la mbuzi. Kisha nikatoa simu, nikafungua picha ya setilaiti ya bonde lile, ninayoitafuta kila mwaka nikiwa nimefumba jicho moja kwa woga, nikampa. Turubai limeondoka, sasa kuna bati, na chumba cha pili kimeongezwa kando. Hakuna shimo hata moja.

"Unaona nini hapo?" nilimuuliza.

Alifuta macho, akaivuta picha kwa vidole mpaka ikawa karibu.

"Ploti," alisema Achieng'. "Na kuna mtu ameanika nguo."